Sarafu Zisizoogopa Kompyuta za Kwantamu: Mnunuzi Hununua Nini?

Mwanafunzi wa kidato cha pili akiambiwa azidishe 61 kwa 53, atapata 3,233 kwa muda mfupi. Mwenzake akipewa 3,233 na kuambiwa atafute namba tasa mbili zilizoizaa, itambidi ajaribu moja baada ya nyingine. Njia ya kwenda ni nyepesi; ya kurudi ni nzito. Juu ya tofauti hiyo umejengwa ulinzi wa barua za siri, wa mabenki na, tangu mwaka 2009, wa sarafu za kidijitali kama Bitcoin.

Ifahamike kwamba Bitcoin haitumii namba tasa kwa namna hiyo, bali hesabu za nukta zilizo juu ya mchoro uitwao mkunjo wa eliptiki. Kanuni, hata hivyo, ni ile ile. Mwenye fedha ana namba ya siri yenye biti 256, na kutokana nayo hupatikana namba ya pili ambayo yaweza kuonyeshwa hadharani. Akitaka kulipa hutia saini kwa namba ya siri, nao wengine huihakiki saini hiyo kwa namba ya hadharani. Hapana karani wa kulalamikiwa. Aijuaye namba ya siri ndiye mwenye mali, hata akiwa mwizi.

Mwaka 1994 mtaalamu wa hisabati Peter Shor, wa maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu ingeweza kuirudi njia ile nzito kwa wepesi. Kompyuta ya kawaida hutumia biti, ambayo ni 0 au 1. Ya kwantamu hutumia kyubiti, ambayo yaweza kuwa mchanganyiko wa hali zote mbili. Mbinu ya Shor huzipanga hali hizo kama mawimbi yanayokutana majini: majibu ya makosa hufutana, na lililo sahihi hupata nguvu.

Nadharia ilitangulia mashine kwa mbali. Mwaka 2001 watafiti wa IBM walitumia kyubiti 7 kupata kwamba 15 ni 3 mara 5, jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi halimsumbui. Mwaka 2017 watafiti wa Microsoft walikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa eliptiki wa biti 256 kungehitaji kyubiti 2,330 hivi zisizokosea. Chombo cha Google kiitwacho Willow, kilichotangazwa Desemba 2024, kilikuwa na kyubiti 105, nazo hukosea. Kuipata moja isiyokosea huhitaji nyingi zinazokosea.

Katika pengo hilo kati ya hofu na mashine ndipo wauzaji walipoingia. Sarafu iitwayo Quantum Resistant Ledger, iliyoanza kutumika mwaka 2018, ilichagua saini zinazotegemea hesabu ya kusaga. Habari yoyote ikiingizwa katika hesabu hiyo hutoka alama fupi, nayo hairudishiki kuwa habari, kama unga usivyorudi kuwa mahindi. Wazo lenyewe si geni: Ralph Merkle alilieleza mwaka 1979, miaka mingi kabla ya sarafu hizi. Udhaifu wake ni kwamba kila ufunguo mdogo hutumika mara moja tu. Ukitumika mara mbili, mwizi huokota vipande vya kughushia saini. Saini za namna mpya ni nene pia. Ya Bitcoin huchukua baiti 64 hivi. Ile iitwayo ML-DSA, katika umbo lake dogo kabisa, huchukua 2,420, na kila moja lazima ihifadhiwe na wote watunzao daftari.

Je, hisabati mpya yaaminika? Mwaka 2022 ulitoa jibu la kutisha kidogo. Mbinu ya saini iitwayo Rainbow ilikuwa imefika duru ya mwisho ya mashindano ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Ward Beullens akaivunja, katika kipimo chake cha chini, kwa saa 53 hivi za kompyuta ndogo ya mkononi. Miezi michache baadaye Wouter Castryck na Thomas Decru wa Leuven, Ubelgiji, waliivunja mbinu nyingine, SIKE, katika kipimo chake cha chini, kwa muda wa saa moja hivi. Kompyuta ya kwantamu haikuhitajika hata kidogo.

Mbinu zilizosalimika zilitangazwa kuwa viwango rasmi Agosti 2024, na yeyote aweza kuzisoma na kuzitumia. Hapo ndipo mnunuzi apaswapo kutulia. Alipiapo sarafu mpya bei ya juu kwa sababu ya ulinzi wake, hulipia kitu ambacho sarafu kongwe zaweza kukichukua bure. Siku zitakapokichukua, hisabati ya sarafu mpya itabaki sahihi, lakini bei yake yaweza kuporomoka.

Kuhama nako si kwepesi. Ili Bitcoin ya zamani ihamishiwe kwenye kufuli jipya, mwenyewe lazima atie saini, na wako waliokufa au waliopoteza namba zao za siri. Sarafu nyingi za miaka ya kwanza zina namba ya hadharani iliyo wazi katika daftari, nazo ndizo mashine ya Shor ingezifikia mapema. Wapo wanaotaka zifungwe kabisa kabla ya siku hiyo. Wapo wasemao kwamba kufunga mali ya mtu asiyejibu ni wizi mwingine.