Nukta nyekundu si mpaka wa moto

Jumatatu jioni, Oktoba 2020, nilikuwa jikoni kwangu hapa New Hope, viunga vya Minneapolis, simu mkononi. Tangu Jumapili ya tarehe 11 Mlima Kilimanjaro ulikuwa unawaka, na kundi la ukoo la WhatsApp lilijaa picha. Moto ulianzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, kwenye njia ya Marangu. Mama yangu anaishi Marangu.

Nikafungua FIRMS, ramani ya bure ya NASA inayoonyesha mioto duniani kote. Nukta nyekundu zilikuwa zimeshikana toka mlimani hadi, kwa macho yangu, kwenye migomba yetu. Nikaandika kwenye kundi: "Moto umefika kijijini." Kaka yangu aliye Dar akaanza kutafuta basi la alfajiri. Nami nikampigia mama, nikisahau kwamba kwao ilikuwa saa tisa usiku.

"Mwanangu, kuna msiba?" Ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

Hakukuwa na msiba. Moto ulikuwa juu kule, kwenye vichaka, mbali na nyumba. Kijana wa jirani alikuwa ameenda na wenzake kuuzima. Mama alichonusa ni moshi, na alichokasirikia ni mimi.

Kosa langu wengi wetu tunalifanya. Setilaiti haioni ukingo wa moto. Inaona joto ndani ya mraba wa ardhi. Chombo kiitwacho VIIRS kina miraba ya mita 375 kwa 375. MODIS, cha zamani zaidi, ina ya kilomita moja. Nukta huwekwa katikati ya mraba, hata kama kinachowaka ni kona tu. Tena ukiitazama ramani kwa mbali, nukta hazipungui ukubwa: milima na vijiji vinasogeleana, nukta zinabaki vilevile, zinafunika kila kitu. Ningeikuza ile ramani kwanza, kaka angelala.

Kuna na suala la saa. VIIRS hupita juu ya eneo takribani saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, na kwa Afrika data huchukua hadi kama saa tatu kufika kwenye ramani. Wingu zito likiwepo, haioni kitu. Kwa hiyo mahali pasipo na nukta si lazima pawe salama.

Wodini tuna desturi moja. Mgonjwa akija na mguu ulioiva wekundu kwa maambukizi ya ngozi, tunachora mstari kwa kalamu pale wekundu unapoishia, na pembeni tunaandika tarehe na saa. Mstari usio na saa hauna maana, kwa sababu zamu inayofuata haitajua kama ugonjwa umesonga au umerudi nyuma.

Mpaka wa moto huchorwa hivyohivyo. Mei 2025, moto wa Camp House ulipounguza zaidi ya ekari 12,000 karibu na Brimson, kaskazini mwa Duluth, sikuhangaika na nukta. Nilitafuta mstari. Hapa Marekani huchorwa na watu: wengine hutembea ukingoni na GPS, wengine huruka usiku na ndege zenye kamera za joto. Kituo cha taifa cha kuratibu mioto, NIFC, kilichopo Boise, Idaho, huiweka mipaka hiyo mtandaoni bure. Ukibonyeza mstari, utasoma ulichorwa lini na kwa njia gani. Soma hiyo saa kabla hujasambaza picha. Na usidhani kila kilichomo ndani kimeteketea. Mara nyingi hubaki visiwa vya miti mibichi.

Kwa mlima wetu, mimi hutazama picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ambazo hupita kila baada ya siku tano hivi. Mraba wake ni mita 10 hadi 20, na ardhi iliyoungua huonekana kama kovu jeusi. Shida ni mawingu ya Kilimanjaro. Siku tano nyingine zinapita, unasubiri tena.

Wenye watoto wa pumu: mpaka wa moto si mpaka wa moshi. Juni 2023 moto ulikuwa Kanada, lakini sisi Minneapolis ndio tuliofunga madirisha. Kwa hilo fungua AirNow. Namba ikivuka 100, mtoto wa pumu acheze ndani. Ikivuka 150, wote mwingie ndani.

Baada ya aibu ile niligundua jambo jingine: kwenye ramani, kijiji chetu kilikuwa karibu kitupu. Mpaka wa moto unakusaidia nini kama hujui uko karibu na nyumba ya nani? Nikajiandikisha OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuongeza njia, chemchemi au zahanati ya kwao, nikaanza kuchora kwa kufuata picha za angani. Jumapili moja nikampigia mama kwa video, safari hii mchana wa kwao, nikamwonyesha kwa fahari njia niliyoichora nyuma ya kanisa.

"Hiyo si njia," akasema. "Ni mfereji. Njia iko juu yake, na daraja lilishaondoka."

Nikaufuta mstari, nikachora upya, yeye akinielekeza.