Hamira Haileti Ukali

Darasa langu la bia ya nyumbani halijawahi kumaliza saa ya kwanza kabla mtu hajanyoosha mkono: "Mwalimu, nikitaka iwe kali, niongeze hamira kiasi gani?" Nikimjibu asiongeze hata punje, naonekana fundi anayeficha siri ya kazi. Basi niandike hapa, labda nitapumzika. Ukali wa bia hutoka kwenye sukari. Hamira ni walaji tu. Sufuria ya pilau iliyopikwa kwa watu 50 haiongezeki wali kwa sababu wamekuja 500. Itakombwa mapema, basi.

Tuseme una ndoo ya lita 20 za maji ya kimea cha shayiri, yamechemshwa na hopsi, yamepoa, na haidromita inasoma nyuzi 12 za Plato. Maana yake, katika kila gramu 100, gramu 12 ni sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka kutoka kwenye kimea. Ndoo nzima ina kama kilo 2.5 za vitu hivyo. Kazi ikienda sawa utapata bia yenye kilevi cha karibu asilimia 5. Tia gramu 11 za hamira, ni hiyo 5. Tia gramu 50, ni hiyo hiyo 5. Unataka 7? Rudi dukani ukanunue kimea.

Nimesikia na mengine. Kwamba hamira nyingi hupofusha. Hapana, kinachopofusha ni methanoli, na wanaopoteza macho kwa gongo mara nyingi wamenyweshwa methanoli ya viwandani iliyochanganywa humo na mtu asiye na utu. Kwamba ndoo iliyotazamwa na mwenye kijicho haiumuki. Uchawi huu si wetu peke yetu: Wanorwei wa mashambani walikuwa na desturi ya kupiga ukelele mkubwa wakati wa kutia hamira, ili bia ipate nguvu. Ukipenda kupiga kelele, piga. Mimi ndoo yangu ikikataa kuumuka, kwanza naangalia tarehe kwenye pakiti, halafu nauliza duka liliiweka wapi, maana pakiti iliyoanikwa dirishani juani wiki tatu imejaa maiti.

Nilipanga sura hii iwe na mambo matatu kwa zamu: kiasi, kuhesabu, na kutunza. Tuanze na kiasi.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni seli 750,000 zilizo hai kwa kila mililita, kwa kila nyuzi moja ya Plato. Kwa ndoo yetu zidisha: 750,000 mara 12 mara mililita 20,000, unapata seli bilioni 180. Bia za laga, zinazochachuka kwenye baridi ya nyuzi 10 hivi, zinataka maradufu. Usiogope mabilioni. Watengenezaji wa hamira kavu ya bia wamekwisha kupiga hesabu hiyo kwa niaba yako: kwa bia zisizo laga husema gramu 50 hadi 80 kwa lita 100, yaani gramu 10 hadi 16 kwa ndoo yako. Pakiti moja ya gramu 11 inatosha. Hamira ya maandazi ni ya jamii hiyo hiyo, Saccharomyces cerevisiae, ila imechaguliwa kwa kuumua unga. Itakulewesha, lakini haitulii vizuri chini, na bia itabaki na ukungu na harufu ya mkate.

Kwa nini kiasi kina maana, ikiwa kilevi ni kile kile? Kwa sababu ya ladha, na kwa sababu ya wezi. Hamira ikiingia kwenye ndoo huzaana kwanza, kwa kawaida mara tatu hadi tano. Kila seli ikichipusha mtoto humgawia mafuta ya ngozi yake, na mafuta hayo huyatengeneza kwa oksijeni, ambayo ndani ya ndoo huisha mapema. Ukitia chache mno, kila moja hulazimika kuzaa kupita uwezo, watoto wanazaliwa wanyonge, na bia inatoka na harufu kali ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, au inakwama katikati ikiwa bado tamu. Na zile saa wanazojikusanya, bakteria wanakula bure. Ukitia nyingi mno, hazina haja ya kuzaana, ladha inakuwa bapa, na joto linapanda ghafla. Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga maji mapya ya kimea juu ya mashapo yote ya bia iliyopita, tena mwezi Februari, Dar es Salaam. Alfajiri povu lilikuwa limeng'oa mfuniko na kushuka ukutani hadi kwenye gunia la mchele. Bia yenyewe ilikuwa kama maji yaliyosuuzia gilasi ya bia.

Hapo ndipo wajuaji wapya huingilia kati. Siku hizi kuna mtindo wa kusema kwamba wazee wetu hawakupima hamira, waliiachia asili, na pombe yao ilikuwa nzuri, kwa hiyo vipimo ni mambo ya viwanda. Hili linaniudhi kuliko la kijicho, kwa sababu linawadharau wazee huku likijifanya kuwasifu.

Nje kidogo ya Pangani nilikaa asubuhi moja chini ya minazi na mgema mmoja, kotama kiunoni, ameshuka na vibuyu viwili. Kimoja alikisuuza kwa maji ya moto mara tatu, akakikung'uta, akakinusa. Cha pili alikimimina, akakiinamisha kwenye mwanga kuchungulia ndani, akaongeza kumimina kidogo, akachungulia tena, akakiziba.

"Mzee, hicho mbona hukukiosha?"

"Hiki cha wanywaji wa mchana, mwanangu. Nikikiosha watanirudishia. Kile cha mama watoto, anataka tamu."

"Na ndani umebakisha kiasi gani?"

Akanyoosha kidole cha shahada, akakibana kwa dole gumba kwenye pingili ya kwanza.

Mtu huyo alikuwa anapima hamira. Maji ya mnazi yanapotoka kwenye karara ni matamu, sukari asilimia 12 hadi 15, na hamira yake kubwa inatoka kwenye chombo na kwenye kisu. Mashapo ya kibuyu ni hamira ya jana. Akibakisha pingili moja, saa sita mchana tembo limeshakolea. Akibakisha mbili, litawahi mno, na wateja wakichelewa watakuta linaelekea siki, kwa kuwa mashapo hayo hayo yamebeba na bakteria wa siki. Asipobakisha kitu, halibaki tamu milele, linachelewa tu. India wako wanaopaka chokaa ndani ya chungu cha kugemea ili maji yasichache kabisa. Ni kipimo kile kile, kimeshushwa karibu na sifuri. Asiye na kipimo ni yule anayekamua pakiti tatu ndani ya ndoo kwa sababu saa sita zimepita na hajaona povu. Saa 12 za ukimya ni kawaida. Hata 24 zisikutoe jasho.

Sasa kuhesabu, maana pingili ya mgema inafaa kibuyu chake, si ndoo yako. Mashapo mazito yaliyotulia huwa na seli kama bilioni moja kwa mililita, kwa hiyo bilioni 180 ni pungufu kidogo ya gilasi ya chai. Nani kasema zote ziko hai? Hapa hadubini inafaa. Kioo kinachotumika hospitali kuhesabia seli za damu kina mraba wa katikati wenye upana wa milimita moja na kina cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukijua idadi ndani yake, zidisha kwa 10,000 upate ya mililita moja. Zimua mashapo mara 1,000, changanya na tone la rangi ya buluu ya methilini, subiri dakika chache, tazama. Seli hai hubaki nyeupe kama chembe za mchele, zilizokufa zinaingiwa na rangi na kuwa buluu. Juzi nilihesabu 90, na 18 kati yake buluu. Hai ni 72, mara 10,000, mara 1,000: seli milioni 720 kwa mililita. Gawa bilioni 180 kwa hiyo, unapata mililita 250. Makisio ya gilasi yangeninyima zaidi ya robo ya hamira.

Nafasi ya kutunza imekwisha liwa na mgema, na haina mengi. Mashapo yatie kwenye chupa iliyochemshwa, mfuniko ulegee ili hewa itoke chupa isipasuke, yakae kwenye friji, yatumike ndani ya wiki mbili. Na andika juu ya chupa kwa herufi kubwa. Shangazi yangu aliikuta yangu bila jina akaikandia maandazi. Yakaumuka kwa uvivu, yakawa machungu kwa hopsi, na akataka nimtajie duka nililonunua hamira ile asije akalikanyaga.