Mafuta ya chura na jeraha la mtoto

Wiki hii twende Japani, kwenye mlima mdogo uitwao Tsukuba. Uko mkoa wa Ibaraki, kaskazini mashariki mwa Tokyo, na una vilele viwili: Nantai chenye mita 871 na Nyotai chenye mita 877.

Mlima huo una sifa ya tangu zamani ya dawa ya majeraha, mafuta ya chura. Wachuuzi walidai kwamba chura wa Tsukuba, mwenye vidole vinne mbele na sita nyuma, akizungushiwa vioo huogopa sura yake mwenyewe akatoka jasho la mafuta. Mchuuzi alikatakata karatasi kwa upanga, akaupitisha mkononi mwake, akapaka mafuta, na "damu" ikakoma. Watu wakanunua.

Siri ilikuwa kwenye upanga. Ulinolewa sehemu tu: karatasi ilikutana na makali, mkono ukakutana na ubutu. Siku hizi wenyeji huigiza hayo kama burudani. Sumu halisi ya chura si ya kuchezea. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Tusiwacheke. Mtoto akijikata, nasi hukimbilia majivu, mafuta ya taa au kahawa. Damu ikikoma tunasifu tulichopaka, kumbe majeraha mengi madogo hukoma yenyewe kwa kuwa damu huganda. Uchafu tuliopaka hubaki ndani.

Fanya hivi. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Damu ikikoma, osha kwa maji safi na sabuni, kisha funika. Akiungua, mwagia maji baridi yanayotiririka dakika 20. Usiweke barafu, dawa ya meno wala mayai. Kitovu cha kichanga kiwe safi na kikavu. Majivu au kinyesi cha ng'ombe huingiza pepopunda, nayo huua.

Mpeleke kituo cha afya haraka ikiwa damu haikomi, jeraha ni la kina au lina uchafu, amechomwa na msumari, ameumwa na mbwa, au hajakamilisha chanjo ya pepopunda. Nenda na kadi yake ya kliniki.

Na ukionyeshwa dawa ya ajabu sokoni, usihesabu damu iliyokoma. Uliza kwanza kama upanga ulikuwa na makali.