Nyumba za Vipimo (3): Boriti Ilitangulia

Zile nyumba 110 za vijijini Mtwara, zenye fremu ya chuma chepesi na vyumba vya kulala ghorofani, zimezungumzwa tena baada ya watafiti kutoa matokeo: watoto wanaolala humo wanaugua malaria, kuhara na maradhi ya kifua kwa nadra kuliko wenzao. Ni habari njema. Ila wapo wanaodai kuwa kujenga kwa vipande vilivyopimwa kabla ni ugeni kwetu, na hapo sitanyamaza.

Fundi wa Lamu alipangiwa upana wa chumba na mkoko. Boriti ya kubeba dari zito la matumbawe na chokaa haikuvuka mita tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba zile za mawe ni virefu na vyembamba. Wakataji waliitenga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila jina na kazi yake, kila jina na bei yake. Iliuzwa kwa korija, yaani miti 20, ikapakiwa majahazini kungoja kusi. Mjenzi wa Maskati aliagiza korija za boriti bila kuuona hata mti mmoja, na vyumba vyake vikalingana upana na vya Lamu. Viwango gani vingine mnavitaka? (Nasi tulikata bila kiasi, na tanuri za chokaa zikala kuni, hata Kenya ikapiga marufuku kuuza nje miti hiyo mwaka 1982.)

Leo mstaafu anamaliza kiinua mgongo chake kwenye zege, ilhali saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Kisha anaweka vidirisha kwa hofu ya wezi, anaezeka bati bila dari, na usiku anaoka wanawe. Huo ni ufahari, tena wa gharama.

Nyumba ya Mtwara inatumia zege kidogo, na kuta zake za juu za kitambaa cha wavu hupitisha upepo. Mbu huruka chini: huko Gambia, kibanda kilichoinuliwa mita 3 kiliingiza mbu pungufu kwa asilimia 84.

Bei bado inamshinda mkulima. Basi vyuo vya ufundi viwafundishe vijana kuunda fremu hizo hapa hapa. Juma lijalo: choo na tangi la mvua.