Mwimbaji wa Kufokafoka Naye Ni Mfanyakazi

Wako watu wazima katika chama chetu ambao wakisikia muziki wa kufokafoka hutikisa kichwa na kusema kuwa hayo ni makelele ya vijana wasio na kazi. Sisi hatuko pamoja nao. Leo twataka kueleza kwa nini, kwa kuitazama safari ya mtu mmoja aliyetoka katika mji wa Mwanza, na hali ya wadogo zake ambao hadi sasa hawajulikani ila na rafiki zao wa Mabatini, Igoma na Kirumba. Vijana wenyewe hujiita andagraundi, yaani watu wa chini ambao redio haijawataja.

Fareed Kubanda, ambaye nchi nzima yamjua kwa jina la Fid Q, alizaliwa Mwanza tarehe 13 Agosti 1980, na tarehe hiyo aliigeuza kuwa jina la wimbo. Wapenzi wake humwita pia Ngosha, neno la Kisukuma lenye maana ya mwanamume. Alipokuwa mtoto, sauti ya redio katika Tanzania Bara ilikuwa ile ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nayo ilikuwa na nafasi kwa bendi za dansi, kwaya na taarabu. Kijana mwenye kofia ya kugeuza nyuma hakuwa na mlango wa kuingilia. Mwaka 1991, huko Dar es Salaam, Saleh J alishinda shindano kwa kuyatia maneno ya Kiswahili katika wimbo wa Kimarekani. Mwaka 1993 likaundwa kundi la Kwanza Unit, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyoruhusu watu binafsi kuanzisha vituo vya utangazaji. Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Radio One ilianza mwaka 1994, na Mwanza nayo ikapata Radio Free Africa, ambayo mawimbi yake yalisikika katika Kanda ya Ziwa nzima. Mtoto wa shule akiwa juu ya mawe ya Kirumba aliweza sasa kumsikia Mr. II akisema habari za maisha ya mtaani kwa Kiswahili cha mtaani, naye akajiambia kuwa kumbe jambo hili lawezekana kwa lugha yetu.

Lakini kuwezekana ni jambo moja, na kula ni jambo jingine. Mwenye kutaka kurekodi ilimbidi aende Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko zilikokuwa studio kubwa, watayarishaji wenye majina na wafanyabiashara wa kanda za Kariakoo. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ili kuchukua pamba kwenda bandarini, katika miaka ile ilichukua pia mashairi ndani ya madaftari. Pamba angalau ilikuwa na mizani na bei. Wakulima wa Usukuma walipoona wanapunjwa katika mizani hiyo, waliunda vyama vyao vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 wakaviunganisha kuwa shirikisho lililokuwa fahari ya Afrika Mashariki. Daftari la kijana halikuwa na ushirika wowote wa kulipimia. Aghalabu aliuza kazi yake kwa mkupuo mmoja, akapewa fedha ya kodi ya chumba, na kanda ikaendelea kuuzwa nchi nzima bila ya yeye kujua zimeuzwa ngapi.

Fid Q alipita katika tundu hilo la sindano. Albamu yake ya kwanza aliiita "Vina Mwanzo, Kati na Mwisho", na hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Sisi tuliofundishwa ushairi shuleni kwa kuhesabu mizani kwa vidole twajua kuwa shairi la kawaida la Kiswahili lina vina viwili katika kila mshororo: cha kati, penye mizani ya nane, na cha mwisho, penye mizani ya kumi na sita. Kijana huyu akasema atatia na cha mwanzo. Ni majivuno, bila shaka, lakini ni majivuno ya mtu anayejua sheria ya fani anayojivunia. Shaaban Robert na Mathias Mnyampala wasingeupenda mdundo wake, twadhani, ila jina la albamu wangelielewa mara moja pasipo kufasiriwa. Na ikumbukwe kuwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi, akawataka waipeleke siasa ya ujamaa kwa wananchi kwa njia ya tungo. Ngonjera za Mnyampala zikaenea katika shule zote. Chama hiki hakijapata kuona haya kumtumia mtu mwenye vina.

Wanaosema kuwa kufokafoka ni mali ya Marekani tupu wangefanya vema kufunga safari hadi Bujora, karibu na Kisesa, palipo na makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950. Katika sherehe za Bulabo, ambazo huambatana na sikukuu ya Ekaristi, wataona Bagika na Bagalu wakishindana. Makundi haya mawili ya ngoma hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Kila moja lina manju wake, kila moja lina dawa yake, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Manju hujisifu, humkejeli mpinzani kwa jina, husema habari za kijiji, za njaa na za watawala. Tuelezwe basi, hilo latofautiana nini na vijana wawili wanaosimama katikati ya duara la wenzao wakishindana kwa maneno mpaka mmoja akose la kusema? Vijana wa Dar es Salaam walipoanzisha mikutano yao ya hip hop waliiita Kilinge, neno la kale la mahali pa uganga. Huenda wengine hawakujua wanarudi wapi, lakini walirudi. Nyimbo za vikundi vya kulima vya Wasukuma zimekusanywa na mtaalamu wa Kimarekani, Frank Gunderson, katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2010. Twatamani siku moja ajitokeze Mtanzania atakayezikusanya za vijana wa Mwanza kwa uangalifu ule ule.

Mwaka 2009 Fid Q alitoa albamu ya pili, "Propaganda". Ni neno ambalo sisi wa magazeti ya chama hatulisikii bila kugeuza shingo! Tumeisikiliza, na bado tumo kazini. Baada ya hapo akakaa miaka kumi ndipo akatoa "KitaaOLOJIA", mwaka 2019. Katika biashara ambayo wimbo huzeeka kwa wiki tatu, mtu anayekaa miaka kumi juu ya albamu moja ama ni mvivu ama ni fundi, na waliomsikiliza hawamwiti mvivu. Baada yake Mwanza imewatoa Kala Jeremiah, ambaye wimbo wake "Dear God" uliwagusa hata akina mama wasioujua muziki huu, na Young Killer Msodoki. Wote wametumia ulimi huo wa ziwani, na wote, ili wasikike, ilibidi waelekee Dar es Salaam.

Tatizo lenyewe liko hapo. Mji wenye kiwanda cha samaki hauwasafirishi wavuvi wake kwenda Dar es Salaam wakavue huko, bali twaona ni kawaida mwimbaji ahame ndipo aitwe mwimbaji. Anayebaki hubeba magunia ya dagaa pale Mwaloni asubuhi, jioni huandika mashairi, na akipata fedha hununua saa chache za studio. Kisha huambiwa na huyu na yule kuwa wimbo haupigwi bila ya "chochote". Hiyo ni rushwa, hata kama inaitwa promosheni, na sheria ya kupambana na rushwa haikuandikwa kwa ajili ya matrafiki peke yao.

Hatusemi kuwa Serikali imelala. Sheria ya Hakimiliki ilitungwa mwaka 1999, mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa juu ya kazi za muziki na filamu, na mwaka 2022 wasanii wakaanza kugawiwa mirahaba ya nyimbo zao kupigwa katika vyombo vya utangazaji. Lakini mirahaba humfikia aliyesajiliwa na anayepigwa. Kijana wa Igoma hapigwi, na pengine hajui kuwa kuna ofisi ya kumsajili.

Tena liko suala la maneno makali. Mnamo Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo". Rais Magufuli, ambaye naye alitoka katika ardhi hii ya Ziwa, akaagiza aachiwe, akasema wimbo ni mzuri, tena uongezwe wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya. Wale waliokwisha kuunoa wembe waliurudisha mfukoni kimya kimya. Twalitaja jambo hilo kwa kuwa wako makatibu ambao kila wasikiapo kijana akilalamikia maji au ajira katika wimbo humwita mpinzani. Mwenye kulalamika kwa vina ametumia muda na akili kulieleza tatizo lake. Ni rahisi kumjibu kuliko yule aliyenyamaza. Na Hamis Mwinjuma, ambaye vijana wamjua kama Mwana FA, alifokafoka miaka mingi kabla ya kuchaguliwa mbunge wa Muheza kwa tiketi ya chama chetu mwaka 2020 na kuteuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo mwaka 2023.

Katika kampeni za 2015 na 2020 waimbaji walikuwa wa kwanza kupanda jukwaani na wa mwisho kukumbukwa malipo yakifika. Twataka mambo mawili ya kawaida. Kila tawi litakalomwita kijana aimbe katika mkutano wa hadhara limwandikie mapatano, kwa karatasi, likitaja kiasi na siku ya kulipwa, kama linavyofanya kwa mwenye turubai na mwenye vipaza sauti. Na Uwanja wa CCM Kirumba ni mali ya chama. Siku ambazo hakuna mpira hukaa mtupu, nyasi zikipigwa na upepo wa ziwa. Vijana wanaoshindana kwa maneno kando ya barabara, wakifukuzwa na mgambo, wangeweza kushindana ndani ya uta wake, kwa kiingilio kidogo ambacho wenyewe wangekihesabu langoni. Makatibu wa Nyamagana na Ilemela wakae na wenye uwanja, wapange siku.