Zinarekodiwa Mburahati, Zinanunuliwa Ulaya

Muulize kijana wa Tandale au Mbagala wimbo gani wa singeli unatamba wiki hii, atakutajia hata kumi papo hapo. Muulize albamu gani ya singeli amenunua mwaka huu, hatakuelewa. Muziki wenyewe umejaa kila kona, kwenye bajaji, saluni, harusini na kwenye sabufa ya muuza chipsi. Albamu zake zimekuwa zikitoka mfululizo tangu 2017 na kujipatia mashabiki Ulaya, lakini nyumbani wengi hawazijui hata kwa majina. Makala haya yanaifuata shilingi ya muziki huu kuanzia studio hadi mfukoni, na yanapendekeza albamu ambazo msikilizaji wa Dar es Salaam hana sababu ya kuzikosa.

Mtaji mdogo, ushindani mkubwa

Singeli ilizaliwa uswahilini, kwenye mchiriku na ngoma za usiku kucha za vigodoro. Manzese, Mburahati na Tandale ndiyo majina yanayotajwa zaidi, na yote yalikuwa ndani ya Kinondoni kabla Ubungo haijamegwa kuwa wilaya. MaDJ walichukua vipande vya ala za taarab, wakavirudiarudia na kuviongezea kasi, kisha MC akashika maiki na kumwaga maneno juu yake. Leo singeli nyingi hukimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika.

Ukitaka kujua kwa nini biashara hii iko hivi ilivyo, anza na gharama za kuingia. Bendi ya dansi ilihitaji magitaa, tarumbeta, ngoma, vipaza sauti na mwajiri wa kuvinunua. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki wa bendi hizo alikuwa mwajiriwa, mshahara wake ukitoka kwa mwenye vyombo.

Mchiriku ulipunguza gharama hizo kwa kiasi kikubwa, maana kinanda kidogo cha Casio, ngoma chache na spika ya honi vilitosha kukesha na mtaa mzima. Singeli ikashusha zaidi. Kompyuta moja yenye programu kama FL Studio, maiki na spika mbili vinafungua studio kwenye chumba cha kupanga. Ndiyo maana vijana wasio na mwajiri wala mfadhili wameweza kujenga aina nzima ya muziki. Ndiyo maana pia nyimbo ni nyingi kupita kiasi, na mahali penye wingi huo bei ya wimbo mmoja mmoja huporomoka hadi karibu na sifuri.

Msambazaji ni mwenye kibanda

Zamani za kanda, msanii alipeleka kazi Kariakoo kwa msambazaji, akalipwa kwa mkupuo, na mara nyingi hakujua zimeuzwa kanda ngapi. Kanda na CD zimekufa. Nafasi ya msambazaji imechukuliwa na kijana mwenye kibanda cha kuweka nyimbo.

Kibanda chenyewe ni meza moja kando ya kituo cha daladala. Juu yake kuna kompyuta ndogo iliyochakaa, kifaa cha kusomea memori kadi, waya wa umeme uliovutwa kutoka duka la jirani na spika inayopiga tangu asubuhi. Mteja anatoa flashi na kusema, "Niwekee singeli mpya." Hataji msanii wala wimbo. Mwenye kibanda anafungua folda, anateua, ananakili, na ndani ya dakika chache flashi imejaa. Huyu ndiye mpendekezaji mkuu wa muziki wa Temeke na Kinondoni. Anachokiteua ndicho kitakachopigwa kwenye bajaji wiki nzima, na kinachopigwa kwenye bajaji ndicho DJ wa kigodoro ataombwa Jumamosi.

Malipo ya mteja ni ya kazi ya kunakili. Msanii hapati kitu, na bado wasanii chipukizi humpelekea mwenye kibanda nyimbo zao bure, tena kwa kumbembeleza. Hawakosei hesabu. Wimbo kwao ni tangazo, na bidhaa inayolipiwa ni shoo. Redio nazo zina mchango wake. EFM ya Dar es Salaam ilipoipa singeli nafasi hewani, majina kama Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila yalitoka mtaani yakajulikana nchi nzima. Lakini hata redio huja baada ya mtaa kuamua.

Shoo ndiyo inayolisha

Kipato kikuu cha MC na DJ ni malipo ya shughuli: harusi, kigodoro, uzinduzi wa duka, tamasha la redio, mkutano wa kampeni. Juu ya malipo hayo kuna kutunzwa jukwaani, na kuna pesa ya kutaja majina ya watu. Desturi hii singeli imeirithi. Mashabiki wa bendi ya dansi ya Twanga Pepeta waliokuwa wakijaa Mango Garden, Kinondoni, wanakumbuka jinsi mapedeshee walivyotajwa nyimbo nzima, na jinsi walivyofungua pochi kwa ajili hiyo.

Shida ya kutegemea shoo ni kwamba pesa yake haina uhakika. Vigodoro vimepigwa marufuku mara kadhaa kwa sababu za usalama na maadili. Mei 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi kadhaa kwa kosa la kelele. Wakazi wana haki ya kulala, na hakuna anayepinga hilo. Ila kila kufuli moja linapofungwa, DJ, MC, mkodishaji wa spika na muuza vinywaji hukosa riziki siku hiyohiyo, na hakuna hata mmoja wao mwenye akiba inayotokana na kazi aliyorekodi mwaka uliopita. Pengo hilo ndilo ambalo albamu ingeliziba.

Albamu za kutafuta

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa *Sounds of Sisso*, mkusanyiko wa kazi za Sisso Studios ya Mburahati. Anza na hii. Inakusanya maprodyuza na maMC mbalimbali wa studio hiyo, na inakuonyesha kwamba singeli si mtu mmoja mwenye bahati bali ni kitongoji kizima kinachofanya kazi.

Ya pili ni *Poaa* ya Bamba Pana, ya 2018. Sehemu kubwa ni ala tupu, na vinanda vyake vinakukumbusha mchiriku ulikotoka. Mwaka 2019 zikafuata tatu: *Tatizo Pesa* ya Jay Mitta, *Mateso* ya Sisso mwenyewe na *Uingizaji Hewa* ya Duke, prodyuza anayeongoza Pamoja Records. Mwenye pesa ya albamu moja tu kati ya hizo achukue ya Duke, kwa namna anavyokata na kurudisha mdundo kabla sikio halijauzoea.

*Mr Mixondo* ya DJ Travella, iliyotoka 2022, ni ya kizazi kilichokua singeli ikiwa tayari imeenea mtaani. Ina kasi ya kutisha, lakini ukitulia utasikia mpangilio wa mtu anayejua anachofanya. Kisha ipo *Singeli Ya Maajabu* ya Sisso na Maiko, ya 2024. Wawili hawa jukwaani hugonga kibodi ya kompyuta kama wapiga ngoma, na albamu imebeba joto hilo.

Anayetaka kujua mizizi atafute *Bongo Hotheads* ya Jagwa Music, iliyotolewa 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji. Ni mchiriku mtupu, wa Casio na ngoma, na ni kumbukumbu adimu ya muziki ambao wenyewe tuliudharau.

Kibiashara albamu hizi zimefanya kazi mbili. Ya kwanza ni mauzo ya moja kwa moja. Soko la mtandaoni la Bandcamp, ambako nyingi zinapatikana, hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali. Albamu ikiuzwa dola 7, soko linachukua dola 1 na senti 5, na kilichobaki, baada ya gharama za malipo, kinakwenda kwa lebo na msanii kulingana na mkataba wao. Linganisha na Spotify, iliyoingia Tanzania 2021: tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi chochote. Kazi ya pili ni kubwa zaidi. Albamu ndiyo cheti cha kumshawishi promota wa Ulaya. Duke na MC aitwaye MCZO, Sisso na Maiko, na Travella wamepanda majukwaa ya huko kwa sababu kulikuwa na albamu ya kuonyesha, yenye jina, tarehe na mwenyewe.

Mirabaha inafuata kumbukumbu

Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, iligawa mirabaha ya takribani shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Kama ingegawanywa sawasawa, kila mmoja angepata kama laki mbili na elfu themanini. Ulikuwa mwanzo mzuri, lakini mirabaha huwafuata wale ambao matumizi ya kazi zao yameandikwa mahali. Bajaji haiandiki inachopiga, kigodoro hakina orodha, na kibanda hakitoi risiti. Muziki unaosikika zaidi mtaani ndio wenye ushahidi mdogo zaidi wa kusikika.

Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Kwa hiyo flashi ile ya kituo cha daladala imekwisha kutambuliwa kisheria kuwa njia ya kusambaza muziki. Kinachofuata ni kumtambua na mwenye kibanda.

Kuwafukuza wenye vibanda hakutamlipa msanii hata senti, maana wateja watahamia kwenye kurushiana nyimbo kwa simu. Njia yenye faida ni kuwapa mkataba. Studio za Mburahati na Mbagala ziwauzie albamu kamili kwa bei ya jumla, wao wawawekee wateja kwa bei ya mtaani, na malipo yapite kwenye lipa namba ili kila mauzo yaache alama. Mwenye kibanda ataendelea kupendekeza kama anavyopendekeza sasa, tofauti ikiwa kwamba atakuwa na kamisheni na msanii atakuwa na hesabu. Vyama vya hakimiliki vitapata orodha ya kweli ya kinachosikilizwa Temeke na Kinondoni.

Wakati hayo yakisubiri mtu wa kuyaanzisha, msikilizaji hana haja ya kusubiri. Bei ya albamu moja kati ya zilizotajwa hapa haizidi sana gharama ya usiku mmoja wa kutoka na rafiki. Inunue, isikilize yote, kisha mpelekee jina lake kijana wa kibanda cha karibu yako na umwambie uliilipia.