Nyufa Zilizojenga Shimba

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mwamba hauna fundi wa kuuziba, lakini nao huanza mdogo, ukakua.

Mwanafunzi wa Msambweni akiulizwa habari za nyufa za ardhi, hukimbilia Bonde la Ufa, akachora mstari mmoja mnyoofu kama alivyouona kitabuni. Kumbe Milima ya Shimba, iliyoubeba mji wa Kwale, ni bonge la mawe ya mchanga lililoinuka baina ya nyufa, hadi mita 400 hivi juu ya bahari.

Na ufa mrefu hauzaliwi mrefu. Huanza nyufa nyingi ndogo, zilizotengana. Mkazo ukizidi mwambani, ncha zake husonga mbele. Zikikaribiana huathiriana: ule mkubwa huweza kuupunguzia mdogo mkazo, nao mdogo ukakoma kukua. Zile ambazo ncha zake zimepishana hulibana daraja la mwamba lililo katikati, hata likavunjika. Hapo mbili huwa moja.

Hii si elimu ya mtihani tu. Kadiri ufa unavyorefuka ndivyo tetemeko linaloweza kuzuka linavyokuwa kubwa. Na mwamba uliopondeka penye maungio huweza kuwa njia ya maji na madini. Watu wanaotegemea visima na chemchemi hawana budi kuijua ardhi yao.

Basi, walimu wenzangu, kabla ya kushika chaki watoeni vijana nje. Wautazame mteremko wa Shimba, kisha wajiulize: ni nyufa ngapi zilizoungana hata mlima huu ukasimama?